Sikio la Jumamosi

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Sikio aliingia studio ya redio na mfuko wa kitambaa wenye santuri sita au saba, akavua viatu, akavisukuma chini ya meza, akaanza kuua watu.

Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa ndogo tu. Saa moja kwa wiki awashauri wasikilizaji santuri zipi za bluzi na za injili zinafaa kununuliwa, zile mpya na zile za zamani zilizotolewa upya. Siku nyingine zote alikuwa karani wa ghala la mabomba, bosi anamfokea asubuhi, na yeye anawafokea makuli mchana. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa mtu.

Na tusidanganyane, watu hawakumfungulia redio kwa sababu ya ushauri. Walitaka kumsikia akimchana mtu. Kwaya moja ilijinyima miaka miwili mpaka ikatoa santuri, yeye akaicheza nusu dakika, akasema ina faida moja, ina tundu katikati, unaweza kuitundika msumarini. Kijana mmoja wa gitaa aliambiwa anapiga kama mtu anayekuna upele. Mama yake yule kijana alipiga simu kituoni analia, Sikio akasimulia hata simu yenyewe hewani, na mji mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, sisemi uongo.

Waliokufa ndio aliowapenda. Santuri ya zamani ikitolewa upya, Sikio alilainika sauti kama anayebembeleza mtoto, kwa sababu marehemu hapigi simu. Na kati ya hizo zote alikuwa na moja aliyoifanya fimbo. Ilirekodiwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita katika ukumbi wa kanisa, mwanamke mmoja, gitaa moja na kinanda cha ukumbi, maneno ya injili juu ya gitaa la bluzi. Kampuni moja ya mbali iliifufua. Jalada halikuwa na jina la mtu yeyote. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa juu, nyembamba, inakwenda mpaka mahali ambapo unajikuta umeshika pumzi. Kila binti wa kwaya aliyeleta santuri mpya alichezewa kwanza ile, kisha yake, halafu Sikio anamwuliza kwa upole kama hana kazi nyingine anayoiweza.

Sasa siku moja akapigiwa simu na msusi mmoja mwenye saluni karibu na soko. Binti alikuwa anakimbiza maneno kwa furaha. Alisema yule mwimbaji ni mama yake, yuko hai, anapiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Akaendelea, maana mtu mwenye furaha hana breki, akasema gitaa ni la baba yake, aliyekufa ajalini kabla yeye hajazaliwa, na kwamba siku wanarekodi yeye mwenyewe alikuwa tumboni. Hakuwa na picha ya baba, wala kaburi analolijua, wala ndugu upande ule. Alikuwa na santuri hiyo tu. Mama yake alimlea kwa maneno hayo: wewe na mimi na baba yako, sote watatu tuko humo.

Sikio akamwambia mlete Jumamosi.

Mama Pasi, ndivyo walivyomwita kazini, alikuja na gauni lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale. Binti hakuweza kuja, Jumamosi saluni hujaa, lakini alikuwa amewaambia wateja wote, na redio ilikuwa imewekwa juu ya kabati kwa sauti ya mwisho.

Sikio alimvalisha visikilizio, akamchezea wimbo wa kwanza, akamwambia aimbe nao. Yule mama akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Hii imepanda, baba, hata ya nyumbani iko hivihivi," akasema. "Sisi hatukuimba juu hivi."

"Kumbe kosa ni la santuri," Sikio akajibu, na kule majumbani watu wakaanza kujiegesha vizuri kwenye viti.

Akaimba kwanza kwa sauti yake, ya chini, nene, iliyotulia. Haikukaa na santuri hata kidogo, zilikuwa kama watu wawili wanaobishana mlangoni. Sikio akamwambia apande. Akapanda. Akamwambia apande tena, na mama wa watu, miaka zaidi ya sitini, akajaribu, mishipa ikamsimama shingoni, mpaka sauti ikakatika ikatoa mlio ambao sitaki kuusimulia. Sikio akaacha kimya kipite, alijua sana kukitumia kimya.

"Wasikilizaji, mmesikia wenyewe," akasema. "Mama huyu anajua kupiga pasi. Na wewe binti uliyenipigia simu, huyo baba wa gitaa mwambie mama akutafutie mwingine."

Saluni nzima ilisikia. Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu wakajizuia wakimtazama msusi, na kujizuia kule kuliuma kuliko kicheko. Alimalizia kumsuka mteja aliyekuwa kitini, akafunga mlango, akaenda kumngoja mama yake nyumbani. Mama akaapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Binti akamwambia kwamba Sikio hajawahi kukosea hata siku moja, akachukua nguo zake na godoro, akahamia chumba cha nyuma cha saluni. Ujumbe wake ulikuwa mmoja, atarudi siku atakapoambiwa ukweli baba yake ni nani.

Haya yote Sikio aliyapata kwa fundi mitambo wa kituo, ambaye mkewe alisukwa pale. Aliyasikiliza akimenya chungwa. Akasema mwongo siku zake ni arobaini.

Wiki ya tatu yule fundi akaja na jambo jingine. Jumapili alikuwa anapiga kinanda kanisani, na ule ukumbi ilimorekodiwa santuri bado upo, na kinanda chake ndicho kilekile, hakijawahi kubadilishwa sauti. Fundi kwa udadisi wake alikwenda na santuri akajaribu kupiga pamoja nayo. Haikuwezekana. Kinanda cha kwenye santuri kilikuwa juu kuliko kinanda chenyewe, na kinanda hakikui. Basi akanasa sauti ya kinanda kwenye kanda, akarudi kituoni, akapunguza mwendo wa mashine kidogo kidogo mpaka sauti mbili za kinanda zikakutana, na zilipokutana, yule mwanamke wa juu, yule mwembamba, akashuka taratibu mpaka chini, akawa mpana na mtulivu. Siku ile umeme ulikuwa dhaifu, fundi akaeleza, mashine ya kanda ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na tangu hapo kila aliyeicheza aliicheza mbio. Akatoa na kanda ya kipindi cha Mama Pasi, akaziweka pamoja. Hakukuwa na haja ya sikio zuri. Hata kiziwi angejua.

Sikio alizisikiliza mara mbili. Jasho lilimtoka kwapani, hilo fundi aliliona. Akafikiria mabinti wote aliowachapa kwa fimbo ile, kumbe fimbo yenyewe haikuwahi kuwa na mwanamke ndani yake, ni mashine tu. Akafikiria makuli kule ghalani wakimwuliza habari ya sikio lake. Akamwambia fundi aache mambo ya zamani yalale. Fundi alikuwa na watoto wanne na mkataba wa kusainiwa upya kila mwaka, akayalaza.

Yalilala miezi saba. Halafu kampuni ile ya mbali ikagundua kosa lake yenyewe, ikatoa santuri upya kwa mara nyingine, na jalada likasema wazi kwamba mwendo umerekebishwa. Nakala ikamfikia Sikio Jumatano. Mngemwona siku hiyo. Hakuona aibu hata chembe, aliona nafasi. Kama asingeisema yeye, gazeti lingeisema. Lakini akitokea Jumamosi na Mama Pasi mwenyewe pembeni, akalia kidogo, akaomba radhi kidogo, nani angekumbuka la zamani? Angekuwa yeye ndiye aliyemrudishia mama jina lake. Akaazima mashine ndogo ya kuchezea santuri, akauliza njia, akaenda.

Alimkuta sebuleni anapiga pasi mashati ya majirani, rundo limefika kiunoni. Mama hakumfukuza. Alimwonyesha kiti, akaendelea na kola. Sikio hakuwa na maneno mazuri, basi akaacha santuri iseme. Ilipoanza, mama akaisimamisha pasi wima, akakaa chini. Ilikuwa sauti yake. Alisikiliza wimbo wa kwanza wote bila kusogea, na gitaa lilipobaki peke yake mwishoni, akaomba arudishiwe hapo. Akarudishiwa mara tatu. Miaka yote hiyo hata yule mpiga gitaa alikuwa anamsikia amebanwa, anakimbizwa, na sasa ndipo alipomsikia anavyopiga. Machozi yalimtoka akayafuta kwa shati la mtu.

"Hivi ndivyo tulivyoimba," akasema.

Sikio akaona mambo yamekuwa mepesi. Akamweleza habari ya Jumamosi, gari litamfuata, na jina lake litatajwa mwanzo wa kipindi na mwisho. Mama akatikisa kichwa.

"Ulisema nimtafutie baba mwingine," akamwambia. "Nimemtafutia."

Na akamsimulia, bila kupandisha sauti, akiwa ameshashika pasi tena. Alivumilia nusu mwaka binti hamsalimii, wakikutana sokoni anavuka barabara. Mwisho akashindwa. Nyumba ya tatu kutoka hapo anakaa seremala mmoja, mjane asiye na mtoto, aliyemtaka mara mbili ujanani akamkataa mara mbili. Alimwendea, akamwomba awe baba. Yule mzee alilia kama mtoto, akakubali. Ndipo Mama Pasi akaenda saluni, akamwambia binti yake mbele ya wateja walewale kwamba hakuimba yeye, hakukuwa na gitaa lolote, alikuwa anaona haya kumtaja seremala. Binti akarudi. Seremala akamtengenezea saluni rafu mpya na viti, akampeleka kwa dada zake, na shangazi hao wakamvika kitenge na kumfungulia nyumba zao. Msichana aliyekuwa na santuri tu, leo ana ukoo.

Sikio akasema ukweli ni ukweli, mama, haufai kufichwa. Alisema hivyo, huyo Sikio, na uso mkavu.

"Wewe uliujua lini?"

Angeweza kudanganya. Sijui kwa nini hakudanganya, labda kwa sababu santuri ilikuwa bado inazunguka.

"Wiki ya tatu baada ya kipindi."

Mama akahesabu kimyakimya. "Mimi nimekiri mwezi uliopita tu," akasema. "Ungekuja hata wiki moja kabla."

Kabla Sikio hajapata la kusingizia, mlango wa uani ukafunguliwa akaingia msusi, mikono ina rangi ya nywele mpaka kwenye viwiko. Alisimama. Wimbo wa pili ulikuwa umefika katikati.

"Nilipokuwa uani nilidhani ni wewe unaimba, mama," akasema. Halafu akamwona mgeni, akamsalimia, na mgeni alipoitikia tu akaijua ile sauti ya Jumamosi. Mama akainamia shati. Lakini binti hakukasirika. Alifuta mkono kwenye aproni akampa Sikio, akamwambia alimchukia sana, mpaka akamwombea mabaya, ila bila yeye asingempata baba yake, kwa hiyo asante.

"Na huyu ni nani?" akauliza, akiielekea mashine. "Nyimbo ni zile za santuri ya zamani, lakini sauti siyo ile. Wewe ndiye unayejua."

Mama aliinua macho akamtazama Sikio. Hakumwomba kwa mdomo. Na msije mkadhani alimhurumia, mtu yule, kwa sababu njiani kurudi alikuwa tayari anapiga mluzi. Aliona upenyo wa kujinasua, akautumia.

"Hajulikani," akasema. "Hakuna anayemjua."

Binti akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, kichwa kimeinama upande mmoja, sawasawa na anavyoinamisha mama yake.

"Anaimba vizuri jamani," akasema. "Huyu angekuwa mama yangu kweli, ningemringia mji mzima."

"Kweli, mwanangu," mama akasema, na akamwomba mgeni aondoe santuri yake mezani, kuna nguo za watu za kumaliza.