Kodiani Mbele ya Taa

Gunnvor, msambaza barua wa Tromsø, mji wa kaskazini ya mbali kabisa, alikuwa mtu wa kuanza mambo kumi na kumaliza moja. Kiangazi, jua lisipotua kabisa, alipaka rangi nusu ya ukuta, akafuma soksi ya mguu mmoja, akashinda anacheka. Lakini kila Novemba, jua likishaaga kwa miezi miwili, naye alizimika. Asubuhi mumewe, Eilif, ilibidi amvute miguu ndipo aamke.

Mwaka alipotimiza arobaini na tatu, daktari alimwambia ana ADHD, ile akili isiyokubali kutulia. Wengi wa aina yake, alisema, saa ya mwili wao huchelewa, na giza huichelewesha zaidi. Akamwandikia taa ya mwanga mkali: akae mbele yake nusu saa kila asubuhi.

"Nusu saa!" Gunnvor alimlalamikia Eilif. "Mimi hata chooni sikai nusu saa!"

Siku ya kwanza alikaa dakika mbili. Siku ya pili alijikuta stoo, anakoroga rangi. Siku ya tatu mkono ulidaka kodiani ya marehemu baba yake, akaanza kuipiga palepale mbele ya taa. Kuja kushtuka, dakika arobaini zimekwisha, na mlango unagongwa kama nyumba inaungua.

Alikuwa mzee Oddvar wa ghorofa ya chini, aliyefiwa na mkewe, bado yumo kwenye nguo za kulalia.

"We mama, una wazimu? Saa kumi na mbili na nusu hii!"

"Ninao, mzee wangu, daktari kauandika kabisa. Ingia basi, uone mwanga nawe."

Oddvar aliingia ili agombe vizuri. Akakaa. Kesho yake alirudi kugomba tena, safari hii na maandazi ya iliki mkononi. Wiki ya tatu aliacha kujifanya, akawa anachagua nyimbo.

"Nilioa mmoja, sasa ninao wawili," Eilif alisema, akiwamiminia kahawa.

Gunnvor bado alisahau funguo, na siku moja alisambaza barua kavaa viatu visivyofanana. Lakini aliamka mwenyewe, tena anaimba.

Siku jua liliporudi Januari, watatu hao walipanda kilimani. Kipande cha dhahabu kikachungulia kati ya milima.

"Ulikuwa wapi wewe?" Oddvar alilifokea jua, machozi yanamtiririka. "Huna hata aibu!"

Gunnvor alicheka mpaka akaketi kwenye theluji. Eilif alipojaribu kumwinua, naye akaanguka.