Kilo Tatu za Mihayo

Kama kuna mtu aliyefurahi bondia Mihayo alipopigwa ulingoni Mwanza, ni Donatus, karani wa mizani kwenye gulio la pamba la kijiji kimoja nyuma ya Isaka. Tusimsingizie wema asiokuwa nao. Alifurahi siku mbili nzima, akala ugali akaongeza, mpaka alipomkuta mkewe chumbani analia kwa ajili ya mwanamume mwingine.

"Limi, kuna msiba?"

"Wanasema Mihayo ameuza pambano. Mihayo auze! Watu wana midomo, Baba Paskalina, we acha tu."

Akaacha tu. Angefanya nini? Sebuleni kwake Limi alikuwa amebandika kwa uji picha ya gazeti, Mihayo kanyanyua mkono juu, na picha yao ya harusi ikasogezwa kando karibu na kibatari, inakula moshi. Mwaka wa saba huo Donatus anakula chakula chake akitazamwa na Mihayo.

Na uchungu wenyewe ni kwamba Donatus ndiye aliyekuwa fundi. Shuleni, padri mmoja alipoleta glovu kuukuu, Donatus alimwangusha Mihayo mara mbili kwa mkono wa kushoto, watu wakashuhudia. Ila baba yake alisema ngumi ni za wahuni, akampeleka kujifunza ukarani. Mihayo, asiye na baba wa kumkataza, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Katoro, Jumapili anapigana mbele ya wachimbaji, hadi akaonekana na kuingizwa kwenye ngumi za kulipwa. Tangu hapo Donatus akawa mtu wa kuulizwa, "Wewe si ndiye uliyesoma na Mihayo?" Karani mzima, kalamu mbili mfukoni, anajulikana kwa jina la mwenzake.

Wivu huo ungebaki kidonda chake mwenyewe kama si mizani.

Mwaka huo wa tisini na sita Mihayo alirudi nyumbani kujiandaa na pambano kubwa la Mwanza. Alitakiwa asizidi kilo sitini na moja. Mizani ya zahanati ilikuwa ya watoto wachanga, kwa hiyo kila Jumamosi alikuja gulioni, akajining'iniza kwa mikono kwenye ndoano ya pamba, miguu juu, kama robota la pamba lenye masikio. Watu walikuwa wakiacha foleni kuja kumtazama. Kazi ya Donatus ilikuwa kusoma mshale na kuutangaza kwa sauti.

"Sitini na moja!"

Vigelegele. Na cha Limi kilikuwa kinasikika kuliko vyote.

Sasa, mizani ile ilikuwa na siri, na siri yenyewe alikuwa nayo Donatus peke yake. Alikuwa ameichokonoa ndani msimu uliopita. Ikiwa tupu, mshale ulisimama sifuri kama wa mtu mwaminifu. Ukiitundikia mzigo, ulipanda kivivu ukaishia njiani. Kilo zilizopotea alikuwa akiziuza kwa jina la dada yake, na Fahim, tajiri wa Shinyanga mwenye kampuni iliyonunua pamba hiyo, alikuwa hajui lolote. Kwa hiyo Jumamosi zote zile, sitini na moja ya Donatus ilikuwa sitini na nne ya Mungu.

Angeweza kumwita pembeni. "Mihayo, punguza tatu zaidi, usiniulize kwa nini." Maneno hayo yalimfika kooni mara nyingi. Kisha akasikia kigelegele cha mkewe, akayameza.

Huko Mwanza walipompima wakamwona amezidi. Akapewa saa chache. Akavaa makoti mawili juani, akakimbia, akatema mate kwenye kopo, tone la maji halikumgusa mdomo. Uzito ukashuka na nguvu zikashuka nao. Raundi ya nne alikaa chini kwa ngumi ambayo hata Donatus angeivumilia.

Alirudi kwa treni, akashuka Isaka peke yake. Jumapili baada ya misa wakulima wakamwita gulioni, maana kila mmoja alikuwa ametoa kilo mbili za pamba kwa ajili ya safari yake. Aliyeongoza maneno ni Mzee Mwigulu, baba yake Limi.

"Tulikuona hapa kwa macho yetu, sitini na moja," mzee akasema. "Mkwe wangu akasoma, tukasikia sote. Mwanza tunaambiwa ulizidi. Hizo kilo ulizitoa wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

Mihayo alikuwa amesimama chini ya mizani, jicho moja limevimba. Asiyekubali kushindwa si mshindani, naye alikuwa amekubali, lakini hilo halikumtosha mtu.

"Nilikula, baba. Kwenye treni. Malampaka nilinunua kuku."

"Kuku wa kilo tatu?" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka, kicheko kibaya. "Sema uliuza! Sema wamekupa ngapi!"

"Mihayo hauzi!" Limi akafoka, kasimama kati ya wanawake. "Nyie mnaomtukana, nani kati yenu amewahi kuingia ulingoni?"

"Nilikula," Mihayo akarudia. "Ni tamaa yangu tu. Mnisamehe."

Akanyanyua macho na kumtazama Donatus. Mara moja tu, kisha akatazama pembeni upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake yuko uchi.

Donatus akaelewa. Anajua! Alijua tangu dakika ile alipopanda kwenye mizani ya Mwanza. Na anajifanya mlafi mbele ya kijiji kizima ili mimi nisiaibike. Ananihurumia. Mimi!

Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ndiyo iliyomsimamisha Donatus. Hapana. Ni wivu. Mihayo alikuwa amemshinda kwa jina, kwa picha ukutani, kwa vigelegele, na sasa anataka kumshinda na kwa utu. Hili alikuwa hamwachii.

"Muongo huyo!" akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hakula kuku wala yai. Hakuuza pambano. Alizidi kwa sababu mizani hii ni mbovu, na aliyeiharibu ni mimi."

"Donatus, kaa chini," Mihayo akasema taratibu.

"Sikai! Leteni mfuko wa simenti kule kanisani wanakojenga."

Wakauleta. Kilo hamsini, kiwandani wamefunga, mshono haujaguswa. Donatus akautundika kwa mikono yake. Mshale ukapanda, ukapanda, ukachoka. Arobaini na saba na ushei.

Hakuna aliyecheka. Unaona watu wakihesabu kimoyomoyo, si kilo za Mihayo tena, bali magunia yao wenyewe, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Jiwe la kwanza likagonga bati la ghala. Donatus akafumba macho.

Alipofumbua, mgongo wa Mihayo ulikuwa mbele yake. Yule aliyetukanwa sasa hivi alikuwa amejipanga, ngumi juu, pamoja na jicho lake bovu, na wanaume wenye marungu wakasita. Hata hapo, Donatus akawaza, hata hapo kaniwahi.

Limi alikuwa amewapenya watu mpaka mbele. Mihayo alikuwa hatua moja kutoka kwake, shujaa tena, kasafishwa mbele ya watu wote. Limi hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, akamtazama mumewe usoni, mbele ya kadamnasi, kama Donatus alivyotamani miaka yote saba.

"Na pamba ya baba?" akauliza.

Mzee Mwigulu alikuwa pale pale, ameshika kofia yake kifuani.

"Na ya baba," Donatus akajibu.