Mudogo Wangu na Kumbukumbu ya Mashine Mgeni

Mudogo wangu alivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo pamoja na baba yetu, vita ilipoanza tena upande ule. Nilifurahi kuwaona wazima. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipokaa kula, baba alipomshika mudogo bega, akamwambia shangazi mbele yangu, "Huyu mutoto, kama haikuwa vita, angekuwa enjenyere, fundi mukubwa wa mashine." Mimi hakuniuliza nafanya nini hapa Nchelenge, upande wa Zambia.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya utafiti wa samaki. Baba alinileta kwa shangazi nikiwa bado msichana, nimsaidie kuuza samaki. Shule ya Lubumbashi alipelekwa mudogo. Kompyuta nilijifunza Kitwe kwa kozi fupi, mengine nikayachimba mwenyewe kwenye vitabu vya ofisi.

Kabla hawajafika, kompyuta yetu ya zamani ilikuwa imekufa. Ililetwa mpya kutoka Lusaka, lakini programu iliyopiga hesabu za samaki wa kambi za Chisenga na Mununga ilikataa kufanya kazi ndani yake. Ilijua mashine moja tu, ile iliyokufa, na muzungu aliyeiandika alikwisha kurudi kwao. Basi nikaandika programu nyingine, ya kuigiza mashine ya zamani ndani ya mpya. Ile ya kuigizwa niliiita mgeni, na mpya nikaiita mwenyeji. Mgeni aliamini ana kumbukumbu yake mwenyewe, kumbe kila alichoandika kilikaa mahali fulani ndani ya kumbukumbu ya mwenyeji.

Ilifanya kazi. Mkuu wetu, Mubemba mpole, aliniambia, "Natotela, bamayo," yaani asante, mama, kwa Kibemba, na nikalala nimeshiba maneno hayo. Ila ilikwenda polepole mno. Hesabu za kambi moja tu zilikula asubuhi nzima.

Siku moja mudogo aliniletea bukari, ugali wa kwetu, na samaki ofisini. Nikila, yeye alikaa mbele ya mashine akasoma nilichoandika.

"Yaya," alisema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "kazi yako ni ya muzuri. Lakini umekata kumbukumbu ya mugeni vipande vipande. Kila mara anaomba kitu, unapita kipande kimoja kimoja kutafuta kiko wapi."

"Halafu?"

"Umupatie nafasi moja ndefu yenye kufuatana. Anwani yoyote anataja, unaongeza tu pale nafasi inaanzia, umefika. Kutafuta kubakie kwa ile sehemu ya ekrani, kile kioo, na mashine ya kuchapa."

Nilimwelewa kabla hajamaliza, na hapo ndipo paliponiuma. Nilikuwa nimehangaika na jambo hilo tangu masika. Yeye aliliona kabla bukari haijapoa. Nikamwambia, "Hauijui hii mashine." Lakini mkuu alikuwa amesikia kutoka mlangoni, akataka ajaribu.

Mudogo akajaribu kwenye nakala ya programu. Mgeni aliwaka, akaandika mstari mmoja, akaganda. Akamwasha tena, akaganda tena. Sitasema uongo: moyo wangu ulicheza. Nilimtazama akiuma kucha kama alivyokuwa akifanya utotoni, nikatamani dakika hiyo irefuke. Kisha akageuka.

"Yaya, nisaidie. Ninakosea wapi?"

Sababu niliijua, maana nimeishi na mashine ile miaka. "Ikiwaka, inapima kumbukumbu yake yote," nilimwambia. "Inaandika namba, inaisoma tena. Sasa ile sehemu ya chini, yenye maagizo ya kuwakia, ilifungwa kiwandani, haiandikiki. Kwako inaandikika. Mugeni amejifutia maagizo hayo."

"Aaa!" Aliruka kwenye kiti. "Basi kusoma kupite moja kwa moja, kuandika kule chini tukuzuie!"

Alibadilisha, akawasha. Mchoro wa samaki wa Mununga ulitoka mkuu akiwa bado anakoroga chai. Alicheka, akatupongeza sote wawili.

Baba alisikia habari ya mmoja tu. Jumapili, baada ya ibada, aliwasimulia wavuvi na wachuuzi wa Kongo jinsi mutoto wake alivyofufua mashine ya Wazambia. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na Biblia mkononi. Baadaye wageni wa Lusaka walikuja kutembelea ofisi, wakaona kazi ile, wakamchukua mudogo akafanye kazi kwao.

Basi lake lilipoondoka nilishindwa kujizuia. "Baba, na mimi?"

Alinishangaa kweli, bila ubaya. "Weye? Weye haukuniombaka kitu."

Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara.

Miezi ilipita. Asubuhi moja simu ya ofisi ililia, naye baba alikuwa amekuja kuniletea ufunguo wa nyumba. Ilikuwa sauti ya mudogo. Kule Lusaka walikuwa wanaigiza mashine nyingine, na mgeni wao alikuwa anapoteza namba zake. Nilimwuliza hili na lile, nikagundua ekrani ya mashine ile imejificha katikati ya kumbukumbu, naye ameiacha ndani ya ile nafasi ndefu, nikamweleza namna ya kuitenga. Alishukuru, laini ikakatika.

"Amesema nini?" baba aliuliza.

"Ameniuliza kitu yeye hakijui."

Baba aliitazama simu, akanitazama mimi. Kisha akavuta kiti, akaketi kando ya meza yangu. "Kitu gani?" akasema. "Unieleze na mimi."

Nilimweleza polepole, nikirefusha kila neno.