Siku Nilipomwita Mwanangu Shija

Kuna aibu za kukaa nazo kimya, lakini hii yangu imeshasambaa Buzuruga nzima, ukweni kwangu, kiasi kwamba nikifika watoto wananichungulia mlangoni halafu wanakimbia kwenda kuambiana, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwao, maana wao wanaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Bukoba, fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Nyakato. Mke wangu, Milembe, ni Msukuma. Alipojifungua binti yetu alikwenda kwa mama yake Buzuruga ili atunzwe, kama wafanyavyo wengi kwa mtoto wa kwanza, na tukakubaliana kwamba jina la ubatizo atachagua yeye, la nyumbani nitachagua mimi, ila nitalitaja siku nitakayokwenda kuwachukua, mbele za watu, liwe zawadi.

Sasa mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba mwanangu haitwi haya majina ya siku hizi. Nilipomsindikiza Milembe kliniki nilimsikia nesi akiita Precious, wakasimama akina mama watatu kwa mpigo, akaita Brayan, wakasimama wengine, nikajiuliza akina Kabula na Mabula, waliopewa majina yao kwa sababu walizaliwa na mvua, wameishia wapi. Wazee walikuwa wanaangalia mtoto amekuja lini na amekujaje, ndipo wanampa jina, na sisi tunaangalia simu. Nikasema hapana, mimi narudi kwenye ya zamani, na nikishaamua jambo mimi sirudi nyuma (mke wangu ana neno lake kwa tabia hii, silitaji hapa).

Jina lenyewe nilikuwa nalo siku nyingi. Nilipohamia Mwanza nikiwa kijana nilipanga chumba hapa Nyakato kwa bibi mmoja wa Kisukuma aliyeitwa Shija, na nilipougua taifodi ndiye aliyenipikia uji, akanifulia nguo, akakaa kando ya kitanda changu mpaka nikasimama. Alishafariki kabla sijamjua Milembe. Shija: jina fupi, zuri, la Kisukuma kabisa, siku hizi halisikiki kwa watoto wachanga. Nilikuwa na uhakika wakwe zangu watafurahi hadi machozi. Kuuliza mtu maana yake hata hakukunijia akilini. Hata mama mmoja wa Nyegezi aliyeoka keki ya siku hiyo, ya kuandikwa jina, aliniuliza kama nina uhakika na jina hilo, nikamwambia mama, wewe andika tu.

Siku ikafika. Sebule ya mama mkwe ilijaa, wali na sato vilishaliwa, begi la Milembe lilikuwa limefungwa tayari pembeni ya mlango, na mshereheshaji (kijana wa mtaani mwenye spika kubwa kuliko sebule) akanipa maiki. Nikafunua keki, nikasema kwa sauti, "Mwanangu anaitwa Shija."

Mtu mmoja aliyekuwa ameanza kupiga makofi aliyasitisha mikono ikiwa hewani. Milembe aliinamisha uso kwenye kanga ya mtoto, nami kwa akili yangu nikajua hayo ndiyo machozi ya furaha, nikaona niongeze maneno, na hapo ndipo nilipojichimbia mwenyewe. Nikasema jina hili nimelitunza moyoni tangu kabla sijamwoa Milembe. Nikasema kuna mwanamke pale Nyakato, alinipikia, alinifulia, alikaa kitandani kwangu nilipokuwa taabani, na wema wake sitausahau mpaka kufa (sikusema kwamba alikuwa bibi kizee, sikuona haja). Mama mkwe akaketi chini taratibu.

Shangazi yake Milembe, mama mmoja mwenye sauti ya kukatisha mvua, akaniuliza, "Mkwe, Kulwa na Doto wako wapi?"

Mimi najua Kulwa na Doto ni mapacha, nani Tanzania hii asiyejua, basi nikadhani anaulizia watoto fulani wa pale mtaani, na nje watoto walikuwa wengi. Nikajibu kwa adabu zote, kwenye maiki, "Nadhani wako nje wanacheza, shangazi."

Nyumba nzima ikageukia mlango. Mjomba mmoja alitoka kweli kwenda kuwatafuta, akarudi amewashika mkono watoto wawili wa jirani waliovaa fulana za kufanana, akawasimamisha mbele yangu, na watu wakaanza kutulinganisha pua. Mmoja wa wale watoto, Mungu ambariki, akaomba keki.

Ndipo shangazi akanifafanulia, polepole, kama anavyofafanuliwa mtu mgonjwa, kwamba kwa Wasukuma Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha, na kwa kuwa binti yao huyu ni uzazi wake wa kwanza, basi hao mapacha nimewazaa na huyo mwanamke wa Nyakato, na nimekuja kuwatangazia kwa spika. Kwetu Bukoba anayefuata mapacha anaitwa Kaiza, nimesoma na akina Kaiza, nimecheza nao mpira, na kichwa changu hakikuwahi kufikiria kwamba majirani nao wana lao.

Nilifungua mdomo nieleze habari za bibi. Kisha nikamtazama Milembe, nikashusha maiki.

Mnajua, mapacha walikuwepo. Kabla ya binti huyu, Milembe alibeba mimba, tukaambiwa hospitali ni wawili, tukacheka njia nzima, na miezi michache baadaye tukawapoteza. Hatukumwambia mtu, hata mama yake, kwa sababu Milembe aliniomba hivyo, na mimi nilimwahidi. Sasa alikuwa ananitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, akidhani nimechagua jina lile kwa makusudi.

Mama mkwe akasimama, akalichukua lile begi la pembeni ya mlango, akalirudisha chumbani. Akarudi akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, "Baba, mwanangu haondoki leo. Tuambie kwanza mapacha ni wa nani."

Habari za bibi aliyeshafariki nani angeziamini sasa, ila ningesema neno moja la mapacha wetu ningejisafisha. Lakini ahadi ni ahadi, nikakaza roho. Nikamwambia sina mtoto mwingine duniani, mama, na zaidi ya hapo siwezi kusema, hata mkininyima mke. Mnaweza kufikiria lilivyosikika. Mjomba akavua koti.

"Ni wangu, mama," Milembe akasema. "Mapacha ni wangu. Niliwapoteza, nikaogopa kukwambia."

Spika ikazimwa. Mama mkwe alimwendea binti yake, wakashikana pale sakafuni, na walilia kwa muda mrefu, nasi wengine tukatazama keki. Baadaye mama mkwe akanyoosha mikono, Milembe akampa mtoto, naye akamwita jina lake kamili, Shija, mara mbili, kama anamwita mtu aliyemsubiri. Begi akalitoa chumbani yeye mwenyewe.

Kwenye gari Milembe akaniuliza kama nililijua jina lile au ni bahati tu. Nilitamani sana kusema nilijua. Nikamwambia ukweli, sikujua chochote, na habari za bibi wa taifodi nikamweleza zote. Akanitazama, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, akacheka hadi dereva akapunguza mwendo. Jina halibadilishwi, akasema. Nikamwambia hata mimi silibadilishi, waje na spika kumi.

Ila nimeapa: sishiki tena maiki mbele ya wakwe kabla mke wangu hajasikia kila neno nitakalosema. Kliniki siku hizi nesi akiita Shija anasimama mama mmoja tu. Wakati mwingine bibi fulani kwenye benchi humuuliza Milembe wale wawili wako wapi. Zamani angeinamisha uso. Sasa anamweka mtoto vizuri begani na kujibu, "Walitangulia, bibi. Huyu ndiye mdogo wao."