Nguzo Nyekundu Nyuma ya Nyumba ya Loisi

Loisi, muuza perege wa kukaanga pale Mtera, alicheka mpaka akashika kiuno alipokuta nguzo nyekundu imesimikwa nyuma ya nyumba yake, upande wa mlimani. Aliyeisimika ni Asma, binti wa Kondoa anayesoma chuo kikuu Dodoma. Halmashauri ndiyo iliyowaomba wanachuo wapime bwawa litafika wapi mvua zikizidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, na hiki ndiyo nini tena?"

"Ndipo maji yatakapofika, mama. Kila kilicho chini ya nguzo kitazama."

Loisi akatazama bwawa. Liko kule, mbali! Miaka yote hiyo maji yanarudi nyuma na watu wanayafuata: yakiacha tope wanapanda mahindi, tope likikauka wanajenga. Nani angekumbuka kwamba hapo palikuwa maji?

"Mwanangu, masomo yamekuchosha. Nenda kapum..."

Neno likakatikia mdomoni. Macho yalikuwa yameangukia kaburi la Methusela, mumewe, pale kando ya mtama. Walimzika nyumbani, kama wanavyozikana siku zote. Nyumbani wapi! Kumbe walimzika ndani ya bwawa.

"Yesu wangu! Na huyu je?"

Asma akakunjua ramani yake. Zilikuwemo nyumba, shule, kisima, hata vichanja vya kuanikia samaki. Makaburi hayakuwemo. Hakuna aliyewaza kuyaulizia.

Kesho yake kwenye mkutano, mtendaji wa kijiji, Batholomeo, akatangaza kuwa malori ya kuhamisha watu yatakuja kabla ya mvua. Loisi akasimama bila kuruhusiwa.

"Malori tumeyasikia. Mume wangu atapandaje? Mimi siondoki nikamwacha azame, hata mniburute!"

Asma akauliza kwa sauti ndogo nani mwingine ana mtu wake chini ya nguzo. Ukanyanyuka mkono mmoja, halafu safu nzima, na mwishoni wa Batholomeo mwenyewe. Mwalimu wa chuo aliyekuja na kina Asma, na suruali yake iliyopigwa pasi, akajikuta amekaa vumbini. Hakuna aliyemcheka.

Basi wanachuo wakaanza upya, kaburi kwa kaburi. Halmashauri ikatafuta kibali, wachungaji na mashehe wakaitwa, na Methusela akahamishiwa mlimani, Loisi naye akahamia huko. Moyoni Loisi bado alikuwa haamini kabisa kwamba maji yatafika. Jua lilikuwa linawaka vilevile.

Mvua zikaja. Asubuhi moja alishuka kuchukua mabati yake yaliyobaki. Bwawa lilikuwa limefika uani. Uani kwake! Akachungulia lile shimo la kaburi. Lilikuwa limejaa maji, na perege wadogo wanazunguka mlemle alimokuwa amelala mumewe.

"Mama yangu weee!" Alipanda mlima mbio, mabati akayaacha.

Mpaka leo anauza perege, tena anawasifia kwa wateja. Kula, hali.