Siku Baba Alipokataa Kunirudisha Nyumbani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu huku Mbozi, enzi ambazo simu za mkononi hatujazijua. Nilikuwa natoka sokoni mchana, nikakata njia ya mashamba ya kahawa. Mwanachuo mwenzangu, kijana tuliyekuwa tukijisomea naye kundi moja, akanibaka humo. Sitaeleza zaidi. Si kwamba naona haya; yaliyofuata ndiyo nataka uyasikie.

Bwenini nilimkuta Neema, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja, nikamwambia. Nilitaka maji nioge.

"Utaoga baadaye, Tumpe," akasema. "Kwanza hospitali. Twende wote."

Hakuniuliza nilivaa nini wala kwa nini nilipita njia ile. Tulianzia polisi kuchukua fomu ya matibabu, ndipo tukaenda hospitali, naye akakaa nje ya mlango mpaka nikatoka.

Habari ilipomfikia mkuu wa chuo, akamwita baba kutoka kijijini kwetu Isongole. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mkali kweli, na nilimwogopa kuliko yule kijana. Nilijua atasema nimemwaibisha. Alipofika alinitazama.

"Umekula, mama?" akauliza.

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Ofisini mkuu aliongea kwa upole. "Mzee, mchukue binti apumzike nyumbani mpaka maneno yapoe."

"Mmemfukuza?"

"Hapana, ni kumsitiri tu."

"Na huyo kijana yuko wapi?"

Mkuu akainama. "Yupo darasani."

"Mwalimu, binti yangu ndiye aliyeumizwa, halafu afungashe yeye? Atabaki hapa asome. Wa kuondoka mnamjua."

Baba hakurudi Isongole mpaka kijana yule alipoondolewa chuoni. Sitakudanganya: polisi walipomtafuta, alikwishavuka Tunduma kuingia Zambia, na kesi ikaishia hapo. Mimi nami kwa miaka mingi nilishtuka nikisikia hatua za mtu nyuma yangu. Lakini nilimaliza chuo, nikafundisha hadi nikastaafu.

Basi nisikilize, mwanangu. Yakikupata, kosa si lako, hata kama mtu huyo ulimzoea, hata kama ulipita njia ya mkato. Mwambie mtu unayemwamini, uwahi hospitali siku hiyohiyo, maana zipo dawa ambazo ukichelewa hazisaidii tena. Mwenzako akikuambia yamempata, mwamini, mfuate aendako, na usimtangaze. Habari ile ni yake, ataisema akitaka. Na ikitokea siku ukawa mkuu wa chuo, weka taa njiani, weka mtu wa kuwasikiliza mabinti, na usimwondoe aliyeumizwa ili wengine wakae kwa raha.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Na popote utakapoumizwa, akukutanishe na mtu wa kukuuliza kama umekula.