Mpishi Aliyemaliza Zamu

Mpishi wa ile shule ya serikali nje kidogo ya Ikungi huonja chumvi kwa kudondoshea mchuzi kiganja cha kushoto, kwa sababu cha kulia hakihisi tena joto wala baridi. Vidole viwili vya mkono huo vimeshikana tangu Machi, sufuria la uji lilipompindukia saa nne asubuhi. Huongea na moto kwa Kinyaturu, akiusimanga kama mkwe mvivu, na kila mwanafunzi kwake ni "baba" au "mama". Siku ile aliufunga mkono kwa kipande cha khanga, akapika makande, akawapakulia watoto mia nne, akatia sahihi ya kutoka saa tisa alasiri, ndipo akaenda zahanati.

Wiki iliyopita aliitwa wilayani kusikia majibu ya madai yake ya fidia. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mama," alisema, akamvutia kiti, kisha akafungua nakala ya daftari la mahudhurio. "Unasema uliungua kazini saa nne. Hapa umetoka saa tisa. Nani anaungua hivyo halafu anapika kwa saa tano zaidi? Sisi tumeona uliungulia nyumbani."

"Watoto wangekula nini, baba?"

"Hilo halimo kwenye fomu, mama."

Mpishi alijaribu kukunja ngumi, vidole vikagoma. "Basi ningewaacha na njaa," alisema taratibu, "ndipo mngejua nimeungua."